Pleya ya santuri inamgeuza Bi Shakila mwanamume. Wajuzi wa Tanga nisaidieni

MwanaWaNgamiani (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima raha wiki ya tatu sasa, acha nilimwage hapa.

Marehemu baba aliacha sanduku lenye santuri 41. Nyingi ni zile ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika), za bendi za Atomic, Jamhuri, Black Star na Lucky Star, na chini kabisa kuna nne nzito za 78 ambazo sijathubutu kuzigusa. Sanduku limekaa juu ya kabati hapa Ngamiani tangu niko darasa la nne. Mashine yenyewe iliuzwa zamani. Nani aliiuza? Hakuna anayekiri mpaka leo.

Mwezi uliopita nikapata pleya ya mtumba iliyoshuka na kontena. Kwa macho ni nzuri: mbao pembeni, sahani nzito ya alumini, mkanda wa raba, spidi mbili. Chapa nimeificha makusudi maana ubishi wa chapa humu hauishi. Aliyeniuzia alinipa na transfoma ya kushusha umeme, akaniambia, "Hii imeshafanyiwa kila kitu, we chomeka tu."

Nikachomeka. Inazunguka, haikoromi, haitoi harufu. Ila muziki unatoka mzito na mvivu, kama mtu aliyeamshwa usingizi wa mchana. Nikaweka ya Black Star ambayo kwenye lebo pameandikwa Shakila, yule mwimbaji wa taarabu. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Akaja mlangoni na kifuu mkononi, akasikiliza kidogo, akasema, "Huyu siye. Huyu mwanamume." Akarudi kwenye mbuzi yake.

Nimeshabadilisha mkanda, nimetia mafuta kwenye ekseli, hali ni ile ile. Mota imechoka? Natanguliza shukrani.

Sabufa_Tu

Mkuu unajitesa. Nyimbo zote hizo zipo mtandaoni, tia kwenye flashi, chomeka sabufa, mtaa mzima unasikia. Mambo ya kuzungusha sahani tuwaachie makumbusho.

Kinanda78

Sabufa_Tu, mwanangu, kaa kiti cha nyuma usikilize. Zote hazipo. Kuna za Tanga zilizotoka kwa lebo ya Mzuri ya Mombasa ambazo nimezitafuta mtandaoni mpaka macho yakauma, nikaishia kuzikuta kwenye kabati la mjane mmoja Chumbageni.

Mwenye uzi, wewe usibadilishe kitu kingine chochote. Unatibu bila kupima. Fanya hivi: kata kipande cha karatasi nyeupe, kibandike ukingoni mwa sahani. Weka spidi ya 33. Fungua saa ya sekunde kwenye simu, hesabu mizunguko kwa dakika tatu kamili. Chombo kizima kinakupa 100.

Utaniuliza kwa nini dakika tatu. Kwa sababu 33 ni jina tu, spidi yenyewe ni 33 na theluthi, na theluthi ukiizidisha kwa tatu inakuwa namba ya kuhesabika kwa kidole.

Tepu_Nyeusi

Puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda, imelika hiyo. Zungushia tepu ya umeme raundi kadhaa inenepe, spidi itapanda. Nilifanya kwenye deki yangu 2009, mpaka leo inapiga.

MwanaWaNgamiani

Kinanda78 samahani, mkono ulitangulia nikaanza na tepu. Raundi tano sikuona tofauti. Raundi kumi na tano spidi ikapanda kidogo, ila sasa sauti inayumba, uuuu-wuuu-uuuu, mwimbaji kama kapanda trekta la mkonge. Nimeitoa. Gundi imebaki kwenye puli, nimeshinda nayo na spiriti saa nzima.

Hesabu nimefanya mara tatu. Ya kwanza 83. Ya pili 83. Ya tatu 84, lakini shemeji alipiga simu katikati, kwa hiyo hiyo msiihesabu.

Kinanda78

Themanini na tatu!

Mota yako haijachoka. Mota iliyochoka inakupa 97 leo, 91 kesho, na ikipata joto 94. Yako inakosea kwa adabu, kosa lile lile kila mara. Pindua chombo. Nyuma au chini kuna kibati, nisomee kila kitu, hasa namba ya mwisho.

MwanaWaNgamiani

Juu ya kibati kulikuwa na stika ya fundi. Nimeibandua kwa ukucha. Pameandikwa 120V, 60Hz.

Kinanda78

Basi mgonjwa tumemjua.

Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50, maana yake unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Marekani ni volti 120 na hezi 60. Transfoma uliyopewa inashusha volti, hezi haizigusi hata kidogo. Zikiingia 50 zinatoka 50. Na mota ya aina yako, sinkronasi, haijali sana volti, inafuata hezi kama mcheza ngoma anavyofuata mpigaji. Mpigaji akipunguza, miguu nayo inapunguza.

Gawanya 50 kwa 60, zidisha kwa 100. Unapata 83 na kitu. Hiyo ndiyo 83 yako.

Kwa hesabu hiyo 33 na theluthi inashuka hadi 27.8, na 45 inashuka hadi 37.5. Sauti yote inateremka nusutoni tatu hivi, mwanamke anaingia kwenye koo la mwanamume. Mama yako alilijua hilo siku ya kwanza, tena bila karatasi wala saa ya simu. Msalimie sana.

Na nyie mnaonunua vya Japani msijione mmepona. Japani nzima ni volti 100, lakini upande wa Tokyo ni hezi 50 na upande wa Osaka ni 60. Baadhi ya pleya zao za mkanda zilikuja na puli mbili ndani ya boksi, na ya pili ndiyo hupotea kwenye safari. Wenye mota za kisasa zinazoongozwa na kristali, hili haliwahusu, rudini mkalale.

Sabufa_Tu

Duh. Kumbe volti peke yake hazitoshi. Naendelea kukaa kiti cha nyuma.

Volti_Mia

Mimi niko Bagamoyo, Dunda. Hilo la Japani limenigusa kwenye kidonda.

Nilinunua amplifaya ya Kijapani, chuma kizito, taa za rangi ya asali, unaiangalia tu unashiba. Plagi yake nyembamba iliingia kwenye adapta bila shida, nami nikaamini kinachoingia kinafaa. Nilipobonyeza swichi ikasema "pu", ukatoka moshi wenye harufu ya pezi la papa lililoungua. Kuifungua nikakuta mahali pa fyuzi kuna waya wa shaba umezungushwa na mtu kabla yangu. Fyuzi ingekuwa fyuzi ningepoteza fyuzi. Nimepoteza transfoma ya ndani, na hiyo haipatikani.

Kinanda78

Pole sana Volti_Mia. Hapo kwenye waya wa fyuzi umetaja adui namba moja wa vyombo vya zamani nchi hii. Wa pili ni chumvi. Ukikaa Raskazone au huko kwenu Bagamoyo ufukweni, kila swichi inaota ukungu wa kijani, na sponji ya ukingoni mwa spika inageuka unga mkononi.

Kwa chombo chochote usichokijua historia yake: kwanza soma kibati. Kisha usikichomeke moja kwa moja. Tengeneza kisanduku chenye soketi na balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na chombo. Balbu ikiwaka kidogo ikafifia, endelea. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, chomoa, ndani kuna kitu kimeshikana. Kisanduku changu kina miaka zaidi ya ishirini, kimeniokolea redio za mbao tatu.

MwanaWaNgamiani

Mzee wangu Kinanda78 nimekuelewa. Sasa dawa ni nini? Nimetafuta puli ya hezi 50 nje, usafiri peke yake unazidi bei ya pleya.

Mzee_wa_Korona

Habari zenu vijana. Usiagize. Puli ni kitu cha kukereza tu. Mimi niko Pongwe, mashine ndogo ya kukereza ninayo, niliiunda mwenyewe.

Kabla hamjauliza, jina langu nililipata kabla ya ule ugonjwa. Korona ni mashine ya kuchakata mkonge. Nilikuwa fita kwenye shamba la mkonge miaka 22, na baada ya kustaafu nimekuwa nikijenga korona ndogo ya mezani, moja kwa kumi na mbili. Mwaka wa sita huu.

Nitumie vipimo vya puli yako. Tumia kalipa ya vernia, rula ya shule sitaki kuiona.

Randa_na_Msasa

Shikamoo mzee. Korona ya mezani? Inafanya kazi au ni pambo? Picha tafadhali, uzi bila picha ni taarabu bila mashairi.

Mzee_wa_Korona

Marahaba. Picha atanipigia mjukuu akirudi chuo. Inafanya kazi.

Wengi mmepita barabarani mkaona mkonge umeanikwa, hamjaona unavyotoka. Korona halisi inakula jani kwa ubavu. Minyororo inalibana, ngoma ya kwanza yenye visu inakwangua nusu moja, kisha jani linahamia mnyororo wa pili, na ngoma ya pili inakwangua nusu iliyobaki, maji yakimwagika muda wote. Nyama inakwenda na maji, singa zinabaki zinaning'inia kama nywele za bibi. Katika kilo 100 za majani unapata kilo 4 hivi za singa. Zilizobaki ni uchafu, na harufu yake haitoki kwenye nguo mpaka nguo ichakae.

Watu hushangaa nikiwaambia visu vya korona ni butu. Kisu chenye makali kingekata singa. Kinachotakiwa ni kupiga na kuparuza. Kazi yote iko kwenye nafasi kati ya kisu na bamba la nyuma yake: ikibana, singa zinakatika, ikilegea, zinatoka na ubichi wa kijani. Kwenye yangu napima nafasi hiyo kwa karatasi za daftari. Karatasi nne zikipita kwa kusuasua, niko sawa. Tano, nimeharibu.

Ngoma ina upana wa sentimita 13. Minyororo ni cheni za taimingi za pikipiki. Mota ni ya cherehani. Maji yanaletwa na pampu ya kuoshea kioo cha gari. Majani ya mkonge halisi ni makubwa mno kwake, kwa hiyo nalisha ule mkonge pori wenye mistari ambao wanawake wanapanda kwenye ndoo barazani. Hapo ndipo mgogoro ulipo nyumbani kwangu. Mke wangu amehesabu ndoo zake.

Reli_ya_Mita

Mzee, kumbe tuko jirani kwa kazi! Mimi najenga kipande cha reli yetu na vitrole vya mkonge, niko Muheza. Reli kubwa ni mita moja, kwa kipimo cha 1 kwa 22.5 inakuwa milimita 44 na kitu, kwa hiyo njia ya 45 inakaa vizuri. Reli ya trole za shambani, ya sentimita 60, inakuwa milimita 27. Mabehewa ni makopo ya maziwa yaliyonyooshwa, magurudumu ndiyo yananitoa jasho.

Jambo moja linanifurahisha kila nikikaa mezani. Reli hii ilianza kujengwa hapo Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, Mombo 1905, Moshi 1911. Na mwaka huohuo wa 1893 ndipo yule Mjerumani, Hindorf, alipoleta miche ya mkonge. Ilitoka Florida miche 1,000, ikafika hai 62. Mashamba yote mliyoyaona mkiwa wadogo mizizi yake ni hiyo 62, na reli ikawa tayari inawasubiri.

Ndoto yangu inayofuata ni kichwa cha treni ya mvuke aina ya Garratt, cha daraja la 59, kilichotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester. Vilikuwa 34, vyote vilipewa majina ya milima. Kimoja kiko makumbusho ya reli Nairobi na kinaitwa Mount Shengena. Shengena ni wetu, wa Upare! Kila nikikumbuka kwamba mlima wetu umeegeshwa Nairobi nachukua tupa nakwenda kusugua kitu.

Binti_Chumbageni

Samahani naingilia, mmesema spiriti hapo juu. Mwenye uzi, tafadhali spiriti yako iishie kwenye puli. Usiipeleke kwenye zile nne za 78.

Nilikuwa na moja ya babu yangu mzaa mama, ya zamani sana. Ilikuwa na utando, nikasoma mahali kwamba santuri zinasafishwa kwa spiriti. Nikalowesha pamba, nikapangusa raundi moja. Pamba ikatoka nyeusi, nikafurahi, kumbe uchafu unatoka! Nikapangusa tena, nyeusi zaidi. Raundi ya tatu nikaona mng'ao umekufa na vidole vinanata. Nilikuwa naifuta santuri yenyewe. Sasa hivi ukiiweka inatoa sauti ya mtu anayekaanga dagaa. Sijawahi kumwambia mama.

Randa_na_Msasa

Pole dada yangu. Hili mafundi seremala tunalijua bila kujua kwamba tunalijua. Santuri za 78 ni za shelaki, utomvu wa wadudu wa kule India. Na shelaki ndiyo ile ile tunayonunua kama magamba ya rangi ya chai, tunailoweka kwenye spiriti usiku kucha, asubuhi imeyeyuka tunapaka kabati kwa pamba. Ulichofanya wewe ni kutengeneza vanishi.

Za vinili, hizi 45 na 33, spiriti kidogo iliyochanganywa na maji hazidhuriki. Za 78 ni maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, na lebo usiiloweshe.

Kinanda78

Naongeza moja na hamtanisikia tena mpaka puli ifike. Sindano uliyonayo si ya 78. Mfereji wa 78 ni mpana, ncha yake inatakiwa nene mara tatu au nne kuliko ya santuri ndogo. Ukiweka hii nyembamba inakwenda chini kabisa ya mfereji inakokota vumbi la miaka themanini. Wacha zilale.

Ila nisomee tu lebo zake. Siti binti Saad alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, na mimi kila nikisikia "zipo nne nzito chini ya sanduku" mapigo ya moyo yanabadilika.

MwanaWaNgamiani

Mbili lebo zimeliwa na mende. Moja imeandikwa Kiarabu. Ya nne ina picha ya mbwa anasikiliza tarumbeta, maandishi yamefifia. Nitapeleka kwa mwalimu wa madrasa anisomee ya Kiarabu.

Vipimo vya puli, nimeazima kalipa kwa fundi wa mashine za kushona: ina ngazi mbili. Ya 33 ni milimita 20.0. Ya 45 ni 27.0. Tundu la shafti ni 3.0.

Mzee_wa_Korona

Nimeandika. 60 kwa 50 ni mara 1.2, basi: 24 na 32.4. Nina kipande cha shaba nilichokata kwenye vali ya boti, kina milimita 35. Njoo Jumamosi na chombo chenyewe, sikerezi kitu nisichokiona.

MwanaWaNgamiani

Wakuu, nimetoka Pongwe. Naandika nikiwa kwenye daladala.

Karakana ya mzee ni kibanda nyuma ya jiko, urefu wa kitanda na nusu. Mashine ya kukereza imefungwa kwenye mbao za mvule. Alianza kwa kufunga kile kishaba na kukizungusha bila kukigusa, akasogeza ncha ya penseli mpaka ikachora upande mmoja tu. Akalegeza, akagonga kwa nyundo ya mbao mara moja, akazungusha tena. Akafanya hivyo zaidi ya mara kumi. Nikamuuliza tunakata lini. Akasema, "Tumeshaanza." Penseli ilipochora duara zima ndipo akashika kisu. Tundu akatoboa kwanza, ukingo baadaye, bila kukitoa pale kilipofungwa, akaniambia kikitolewa kikarudishwa hakitarudi palepale, na huko ndiko ile tepu yangu ilikotoa trekta.

Korona nimeiona! Alilisha jani moja, ikapiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, upande wa pili zikatoka nyuzi nyeupe urefu wa kiganja. Mke wake alikohoa kutoka ndani.

Tumefunga puli. Nimehesabu dakika tatu, nimepata 100 kasoro kama nusu hivi.

Kinanda78

Hongera, ila hiyo nusu siipendi. Nenda steshenari wakuchapie duara la mistari 180, hesabu ya 33 kwa hezi 50. Uliweke juu ya sahani, ulimulike kwa tyubulaiti ya zamani yenye choki. Balbu nyingine za LED nazo zinapepesa, nyingine hazipepesi kabisa, hizo hazikufai. Mistari ikisimama, spidi imekaa.

Angalizo: usilifanye hili kwenye jenereta ukajidanganya. Mota na taa vinakula umeme mmoja. Jenereta ikilegea hadi hezi 47, mota italegea na taa italegea, mistari itasimama pale pale inakutazama, na mwimbaji yuko chini ya kisima.

MwanaWaNgamiani

Mistari haisimami. Inarudi nyuma polepole, mmoja kila sekunde mbili hivi. Kwa sikio mimi sisikii tofauti. Mama anasema, "Sasa ni mwanamke, lakini ana mafua."

Tepu_Nyeusi

Tabaka moja la tepu hapo 😀

Mzee_wa_Korona

Hapana tepu hapa.

Nimekosa mimi. Mstari mmoja kwa sekunde mbili ni 30 kwa dakika. Chombo kinapungukiwa nusu ya asilimia moja. Nimekaa na kalamu usiku, nimeliona: nilizidisha puli nikasahau mkanda. Mkanda una unene wake, milimita 0.6, na kinachovuta ni katikati ya unene huo. Kwa hiyo ilitakiwa kuchukua 20 na 0.6, kuzidisha kwa 1.2, halafu kutoa 0.6. Inakuja 24.12. Mimi nilikata 24 kavu. Sehemu ya kumi na kidogo ya milimita, unene wa karatasi moja ya daftari hivi, na mtu niliyeshinda miaka sita nikipima karatasi nimeipita hivihivi.

Shaba iliyokatwa hairudi. Nakereza nyingine. Ngazi ya 45 itakuwa 32.52.

Reli_ya_Mita

Mzee, na mimi magurudumu yangu ya trole yanateleza kwenye kona, niyalete na wewe unipimie?

Mzee_wa_Korona

Lete. Umeyakata bapa, sivyo? Gurudumu la reli lina mteremko kidogo kuelekea nje, ndiyo maana behewa linajiongoza kwenye kona lenyewe. Njoo na trole moja na mita mbili za reli.

Volti_Mia

Samahani mzee, na transfoma unasuka?

Mzee_wa_Korona

Sisuki. Nina mke mmoja na subira yake ina mwisho.

MwanaWaNgamiani

Wakuu, mrejesho.

Puli ya pili imefungwa jana. Mistari imesimama kama imechorwa ukutani. Nilikaa nikaitazama dakika nzima nikidhani pleya imezimika, mpaka nilipogusa ukingo.

Ile ya Black Star ina tundu kubwa la katikati, kwa hiyo ilibidi nikate duara la ndala kuziba pengo. Nikaweka sindano. Safari hii sikumwita mtu. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Udi ulipoanza akasimama. Sauti ilipoingia akaja mpaka mlangoni, kaziweka nguo begani, akasikiliza hadi mwisho, ile kwaru kwaru ya mfereji wa mwisho ikawa inajirudia na mimi sijanyanyua mkono.

Akasema, "Eee. Huyo ndiye. Geuza upande wa pili."

Tumesikiliza kumi na moja mpaka saa sita usiku. Amenitajia nani alinunua ipi na kwa ugomvi gani. Na aliyeuza mashine ya baba nimemjua, kajitaja mwenyewe katikati ya Jamhuri, lakini hilo halitoki hapa.

Mwalimu wa madrasa amesoma lebo ya Kiarabu. Kinanda78, njoo PM. Kaa chini kwanza.

Mzee_wa_Korona, ulikataa hela. Niambie basi nikuletee nini.

Kinanda78

Nimekaa chini.

Mzee_wa_Korona

Ndoo mbili za mkonge pori, wenye mistari, majani marefu. Zilete mchana, mke wangu anakwenda sokoni saa nne.